Chungu cha Maua Mbele ya Mkono wa Baba

Mpendwa Shangazi, mshauri wetu,

Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye kiti changu, na jambo ninaloomba unisaidie liko mbele ya macho yangu limetundikwa ukutani, nalo ni mkono wa baba yangu.

Mimi ni mhudumu wa ukumbi wa maonyesho, kazi yangu ni kuwaambia watu wasiguse, na sasa hivi tuna picha za Mchina mmoja ambaye mtaani kwetu tulimpa jina la Bwana Tulia, kwa sababu katika lugha yetu alijua neno hilo moja tu na alilitumia kwa wote, wazee, watoto na hata kuku wa jirani. Kamera yake si hizi za kuning'iniza shingoni, ni dubwana la mbao lenye ukubwa wa kabati la nguo, linasukumwa kwa mkokoteni, mwenyewe anajifunika kitambaa cheusi anapotelea humo, na picha zake hazikuzwi kama tulivyozoea, filamu yenyewe ina upana wa mlango na picha inatoka kwa ukubwa uleule, ndiyo maana kila kitu kinaonekana, hata uzi uliolegea kwenye kola ya mtu. Ila ina masharti. Ukishakaa mbele yake hutakiwi kutikisika mpaka akuruhusu, maana ukitikisika unatoka kama moshi.

Baba yangu ni kinyozi. Wenzake wote siku hizi wanatumia mashine, yeye bado ana wembe wake wa kukunja, na husema mashine ni ya yeyote mwenye umeme, wembe ni wa fundi. Bwana Tulia alipopita mtaani akampenda, akamkalisha kwenye kiti cha wateja nje ya mlango wa saluni, wembe mkononi, mkono juu ya goti. Mimi sikuwepo. Picha ilipotundikwa hapa nilitaka kupiga vigelegele, Shangazi, baba yangu mzimamzima, mvi za kwenye nyusi unaweza kuzihesabu, bei kwenye kibao unazisoma, nywele zilizonasa kwenye brashi unaziona, halafu nikashusha macho nikautafuta mkono wa kulia nisiuone. Juu ya goti kuna ukungu mweupe, na ndani ya ukungu kama nyembe tatu.

Wageni wanaupenda sana huo ukungu, wanasema msanii ameonyesha kwamba mkono wa mfanyakazi haupumziki, wanajipiga picha nao. Lakini baba aliambiwa atulie, na uso wake umetulia kama jiwe. Nikamuuliza mkalimani wa Bwana Tulia, akaniambia bosi wake alitaka kurudia, baba akakataa, akasema inatosha, wateja wananisubiri, na mkalimani akacheka akasema hao wateja yeye hakuwaona. Tangu siku hiyo nayaona mambo niliyokuwa nayapita tu. Baba anakunywa chai kwenye kikombe kikubwa kisichojazwa hata nusu. Vifungo vya shati anafungwa na mama, na sisi watoto tumekuwa tukiwatania kwamba mapenzi yamewarudia uzeeni. Mjomba, ambaye hajawahi kunyolewa na mtu mwingine, ana plasta chini ya sikio, nikamuuliza akasema, "Aa, nilijikuna tu, mwanangu. Achana nayo."

Sasa Jumamosi wateja wa baba wamepanga kuja wote pamoja naye kuiona picha, naye bado hajaiona. Nikamwambia nitamchukua na mama. Akasema, "Mama yako asije. Magoti yake hayawezi ngazi." Shangazi, ukumbi wetu hauna ngazi hata moja, na baba ameshanifikisha hapa mlangoni mara nyingi tu.

Nimefanya nilichoweza. Kulikuwa na chungu kikubwa cha maua pale mlangoni, nikakibeba nikakiweka mbele ya picha, majani yakafunika goti na mkono. Mkuu wa ukumbi akakirudisha mlangoni, mimi nikakileta, akakirudisha, nikakileta, na jana ameniuliza kama nina ugomvi na msanii. Kaka yangu anasema ninyamaze, nisimvunjie mzee heshima. Lakini nikinyamaza, wembe utarudi shingoni kwa mtu, na ukiteleza nitaishije? Je, niombe picha ishushwe kabla ya Jumamosi, au nimwambie mama, au niendelee na maua yangu? Maji yamenifika shingoni.

Binti wa Kinyozi

*

Binti wa Kinyozi,

Pole. Pole ya kweli, maana kumwona mzazi akipungukiwa kunauma, na hakuna aliyetufundisha namna ya kulitazama jambo hilo. Pole yangu imeishia hapo, sasa kaa vizuri kwenye hicho kiti.

Chungu cha maua? Mtu mzima, mwenye mshahara wako, unashindana kubeba chungu na bosi? Nimecheka mpaka nikaweka barua chini. Kisha nikaisoma tena, na safari hii sikucheka, kwa sababu majibu yote umeyaandika mwenyewe halafu ukajitia hamnazo.

Unauliza kama umwambie mama yako. Mwanamke anayemfunga mumewe vifungo kila asubuhi utamwambia nini asichokijua? Mjomba wako anakwenda na shingo yake kwenye wembe huku akijua, kwa sababu anaona aibu kumkimbia shemeji yake, na huo si wema, ni ujinga wa watu wenye huruma. Baba yako naye alikataa kurudia picha kwa kuwa alijua kasoro haiko kwenye kamera. Hajaiona hiyo picha, lakini ameshajenga ngazi za uongo ili mkewe asiione. Nyumba nzima mmefunika kombe mwanaharamu apite, na kombe lenyewe limetundikwa ukutani, lina taa juu yake, na watu wanalipangia foleni.

Picha isishushwe. Haijasema uongo, na ndiyo pekee iliyosema kitu katika familia yenu.

Usingoje Jumamosi. Muombe mkuu wa ukumbi radhi kwa habari ya chungu, kisha muombe akuruhusu umlete baba asubuhi kabla hamjafungua, nyinyi wawili tu. Msimamishe mbele ya picha, kisha funga mdomo. Najua kufunga mdomo ni kazi, nimeona urefu wa sentensi zako. Mwache atazame mpaka aseme yeye. Akisingizia jua au wembe kung'aa, mwambie, "Baba, ni mkono. Nimeuona." Usiongeze neno.

Hospitali ni wiki hii, na uende naye. Mimi si daktari, wewe si daktari. Mkono hutetemeka kwa sababu nyingi, nyingine zina dawa, nyingine mtu hufundishwa kuishi nazo. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Usininunie, waliosema hivyo hawakuwa na desturi ya kupaka maneno asali.

Kuhusu wembe sibembelezi mtu. Mpaka daktari aseme vingine, wembe huo usiguse shingo ya binadamu, hata ya mjomba anayejitolea. Baba atakasirika. Mwache akasirike, hasira haikati mshipa. Na kaka yako anayelinda heshima ya mzee, muulize itabaki heshima gani siku mteja atakaposhuka kwenye kile kiti ameshika shingo inayovuja damu.

Jumamosi wateja waje, na mama yako awe mbele yao. Baba akitaka kuwaambia habari ya mkono wake, atawaambia mwenyewe. Asipotaka, wageni wenu wameshampa maelezo mazuri ya kisanii, ayatumie.

Jambo la mwisho. Muda wote huo baba yako amekuwa akijizuia kutikisika mbele yenu, na nakuhakikishia kazi hiyo inachosha kuliko kunyoa mtaa mzima. Lile neno la Bwana Tulia wewe usimwambie. Mkimaliza kutazama, ushike ule mkono wa kulia, uache utetemeke ndani ya wako, na mtoke hivyohivyo mpaka barabarani.

Na chungu kirudishe mlangoni leo, kabla hujafunga kazi.