Mkono wa Kushoto wa Subi

Alhamisi, masika. Njisi.

Mvua haijakatika tangu jana na mimi nimekasirika tangu asubuhi. Nimejaribu kusali, nimejaribu kupika. Ndizi zimeungua, na hasira iko palepale.

Leo ilikuwa kliniki ya watoto njiti. Subi wangu alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, nikamlea kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka nikasahau kulala kifudifudi kukoje. Tangu hapo anatakiwa kurudi kupimwa: anasikiaje, anaonaje, anakaaje, anashikaje. Safari hii amekuja daktari bingwa kutoka Mbeya. Yupo leo na kesho tu, kisha hatumwoni tena mpaka mvua ziishe. Nami nilikuwa na neno moja la kumwambia.

Mkono wa kushoto wa Subi haufunguki.

Ukimpa kijiko kwa upande huo, anageuka mwili mzima akipokee kwa mkono wa kulia. Ile ngumi huwa naifungua mwenyewe ninapomwogesha, na nikiiachia inajifunga. Hakuna mwingine anayeliona hili kwa sababu hakuna mwingine anayemwogesha.

Sasa barabara imejaa maji, bodaboda hawapiti. Kinachopita ni pikapu ya baba mkwe, ya kubebea kokoa. Na mimi ni mkamwana. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, ndiyo kutila. Nikisikia kikohozi chake tu, najibanza nyuma ya jiko. Wengi siku hizi wameacha, wanapeana hata mikono. Huyu wangu ni mzee wa kanisa, lakini kwenye kutila hana mchezo.

Nilisema nitakaa nyuma nijifunike turubai. Mama mkwe akagoma. "Mama Subi, watu wa Bondeni njiani watuone tumekupakia kama gunia? Baki. Mjukuu ni wangu, nampeleka mimi."

Nikabaki. Habari ya mkono nilimweleza vizuri wakati namfungia mtoto mgongoni. Akaitikia ndiyo, ndiyo.

Wamerudi mchana, Mama anacheka mpaka jino la mwisho. "Ndaga fijo, asante sana, Mungu mkubwa! Kauliza anakaa? Nikasema anakaa. Anacheka? Anacheka. Kasema mzima."

"Na mkono, Mama?"

"Mkono gani? Alikuwa amelala, na foleni ndefu. Halafu nimtangazie mjukuu wangu ulemavu mbele ya watu? Maneno huumba."

Maneno huumba! Kwa hiyo tukinyamaza, ngumi itafunguka? Yaani mimi nikae nyumbani kwa adabu, na adabu hiyohiyo imfiche mtoto kwa daktari. Nikampigia mume wangu, yuko Kasumulu na malori ya mpakani. Eti, "Vumilia, mke wangu, usilete vita." Nikamkatia simu.

Nikambeba Subi, nikatoka nje mvuani.

Baba mkwe alikuwa kibarazani anakwangua matope kwenye buti zake. Aliponiona akageuzia uso ukutani, ndiyo desturi. Na mimi nilipaswa kugeuka.

Sikugeuka.

"Baba." Tangu niolewe sijawahi kumwita. "Mkono wa mjukuu wako haufunguki. Daktari anaondoka kesho."

Mama mkwe alipiga ukelele kama nimevua nguo. Nikaifungua ile ngumi mbele ya mzee, kidole kwa kidole, nikaiachia. Ikajifunga. Akageuka kidogo, akautazama mkono, mimi hakunitazama. Kisha akamwambia mkewe, nami nimesimama hapohapo, "Mwambie mkamwana kesho tunaondoka alfajiri. Atakaa nyuma, na turubai."

Sikungoja kufikishiwa ujumbe. "Nitakaa mbele, Baba. Mtoto asiloe, na wa kumweleza daktari ni mimi."

Akachukua buti zake, akaingia ndani.

Tangu hapo Mama hasemi nami. Najua Jumapili kanisani nitakuwa habari ya kijiji, mkamwana aliyemkodolea mkwewe macho. Waseme. Labda mazoezi yataufungua huo mkono, labda yatachukua muda mrefu, sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana siku za kupoteza kwa heshima zetu. Nina hasira nao wote, na nina hasira na mimi niliyejibanza nyuma ya jiko miaka yote hii.

Jioni nimechungulia kwenye pikapu. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu. Mzee ameweka gunia la kokoa katikati, limejaa, limesimama mpaka usawa wa kichwa kama ukuta, limefungwa kamba lisianguke njiani.

Sawa. Gunia litakaa hapo, na mimi na Subi tutakaa dirishani.