Kioo cha Kulia

Shamba la Ngano, Hanang
Agosti 18, 1985

Dada yangu Perpetua,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Habari za huko Dongobesh? Mguu wako unaendeleaje, bado unavimba baridi ikizidi? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Alfredi anasoma, ng'ombe wa maziwa amezaa dume, na mavuno yamepamba moto mpaka makapi ya ngano yanaingia kwenye uji.

Dada, nakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia jirani, kesho nitayakuta kisimani.

Unajua Baba Alfredi alipewa pikipiki ya shamba ili azifuate na kuzitengeneza kombaini za kuvunia zinazoharibika. Barabara ya Getanuwas inaitikisa mpaka vioo vinalegea, kwa hiyo kila Jumapili baada ya Misa anavikaza hapa uani. Kazi yangu ni kushika. Ananiambia shika hapa, usizungushe. Nashika.

Juzijuzi alipanda lori la shamba kwenda Katesh kutafuta mkanda wa kombaini, pikipiki ikabaki nyumbani, vioo vinaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nikasema leo nitamfurahisha mume wangu. Nikachukua spana. Cha kushoto kilikubali mara moja. Cha kulia, kadiri nilivyokaza ndivyo kilivyolegea, mpaka kikanibaki mkononi. Ndipo akapita Nesi Angela, yule binti mpya wa zahanati. Aliniamkia vizuri, kisha akacheka, akasema Mama Alfredi, hicho cha kulia hufungwa kinyume, unazungusha kushoto. Akanipokea spana, akakikaza. Na hakuishia hapo! Alipanda kwenye kiti cha pikipiki, akakiinua kioo kidogo, akasema Fundi ni mrefu, hupenda kiwe hivi.

Hupenda kiwe hivi. Dada, nilimkaribisha chai kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa natafuta jiwe.

Alipoondoka nikanusa koti la Baba Alfredi. Dizeli na makapi. Nikanusa tena. Nikashika rozari, lakini kila Salamu Maria niliyoianza nilimwona yule binti juu ya kile kiti, na meno yake meupe. Nikaenda dukani kwa Mariamu kununua chumvi ambayo sikuihitaji. Mariamu hakunizungusha. Alisema mbona wengi wamewaona, kule kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, wakizunguka na pikipiki, nesi mbele na mume wangu nyuma. Nikamwuliza, nyuma? Akasema nyuma, Mama Alfredi, tena ameshika. Sikuuliza ameshika nini. Chumvi niliisahau palepale.

Aliporudi sikumpa hata maji ya kunawa. Nilimwuliza kioo cha kulia kinafungwa upande gani. Akashangaa, akasema kinyume. Nikamwuliza nani mwingine anajua. Alicheka, halafu akauona uso wangu, akaacha. Alieleza kwamba zahanati inaletewa pikipiki ya kuwafikia wajawazito wa Dirma na Masakta, na meneja wa shamba alimwagiza amfundishe nesi. Anakaa nyuma ili adake usukani binti akiyumba. Nikasema kwa nini ulinificha? Akajibu kwamba mwaka jana nilinuna wiki nzima kwa sababu alimpakia mwalimu wa kike kwenye mvua. Angeniambia hili, ningekwenda kulala mbele ya gurudumu. Na ni kweli dada, pikipiki ya zahanati imefika. Nimeiona kwa macho yangu, bado ina makaratasi yake.

Basi jana nilikwenda kuungama. Nilisema nina wivu juu ya mume wangu, padre akanipa malipizi, nikatoka. Njiani nikajua sikuungama sawasawa. Lile la mume lilikuwa limeshapoa. Kilichobaki kinaniuma, na padre hakukisikia, ni kwamba yule binti aliambiwa. Miaka yote nimeshika kile kioo mpaka mkono unakufa ganzi, na hakuna Jumapili hata moja aliyoona vema kuniambia kinazunguka upande gani. Yeye akaambiwa, na spana akapewa. Wivu wangu ulikuwa wa ile spana.

Jioni, akiwa anakula, nilimweleza hivyohivyo. Nikasema na mimi nifundishe, spana na kuendesha. Alimega tonge, kisha akasema watu watacheka. Nikasema meno ni yao. Akanawa mikono, akaenda kulala.

Leo asubuhi kabla ya Misa nilivilegeza vioo vyote viwili, nikakaa kwenye kiti, nikavielekeza kwa kimo changu, nikavikaza, cha kulia kinyume. Tuliporudi kutoka kanisani nikajibanza jikoni nikingoja agombe. Alipanda, akatazama kioo kimoja, akatazama cha pili. Akatazama mlango wa jikoni. Kisha akawasha, akaenda kwenye kombaini yake ameinama kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, ili aone nyuma. Hakuvigusa.

Sasa dada, wewe una cherehani. Unishonee suruali ya kitambaa kizito ya kuvaa chini ya gauni, ila mama usimwambie kwanza. Tena unishauri kama mwanamke wa kanisa, tena mama wa WAWATA, anaweza kupanda chombo kile bila kuwakwaza waumini. Msalimie shemeji Lukasi na watoto, na mama umfikishie shikamoo yangu. Barua hii nimempa dereva wa lori la ngano, na atapita tena huko. Tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi mdogo wako,
Tekla