Usikae Chini ya Mlango wa Gereji

Baba Gulzar,

Nimekwenda kazini. Tafadhali usikae chini ya mlango wa gereji. Springi imekufa, na mchi wangu wa kinu si nguzo ya kuushikilia. Asubuhi mchi umeteleza, mlango ukashuka, kidogo ukupige kichwa, nawe unacheka, "Mama Gulzar, rede bado naijua, kukwepa sijasahau."

Najua gereji ndiyo baraza yako. Tangu tuhamie hapa Queensbury, ugenini, unakaa pale mlangoni ungoje mpita njia umkaribishe kahawa, kama kwetu Unguja. ~~Leo kaa ndani mpaka nirudi.~~ Basi toa kiti nje kabisa, mbali na mlango, na uvae koti. Fundi atakuja jioni.

Kahawa imo kwenye themosi. Nimeweka vikombe viwili, huenda leo akasimama mtu.

Mama Gulzar