Sahani Zilizorudi Tupu

Mlimani Sumbing, 9 Mei 1994

Mwanangu Wening,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, mbuzi wazima, paa linavuja palepale. Wewe je? Unakula? Usinijibu mimi mama yako "nakula, Simbok" kama siku zote, niandikie unakula nini na saa ngapi. Picha uliyopiga ukiwa na sare nimeitazama mpaka jirani Yu Painah akasema nitaitoboa. Shingo yako imekuwa kama ya kuku aliyenyeshewa.

Huyo Yu Painah naye ana maneno. Jana kisimani aliniuliza mbele ya watu, "Binti yako si ulisema nesi? Mbona nasikia siku hizi anahesabu vidonda?" Nikamwambia ni utafiti. "Utafiti wa nini?" Nikasema, "Wa mambo makubwa," nikabeba ndoo yangu nikaondoka, maana sijui. Basi niandikie polepole, kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la pili, nipate la kumjibu.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi tempe sita, vipande vya soya niliyochachusha mwenyewe, soya ni ya kwetu, nimezifunga kwa majani ya mgomba. Mbili mpe mkuu wako Bu Sartini. Usizigawe zote, nakujua.

Tumbo linanisumbua kidogo, si kitu.

Simbok wako


Semarang, 23 Mei 1994

Simbok wangu mpendwa,

Waalaikum salaam. Asubuhi nakula wali na tempe yako, mchana wali na tempe yako, jioni nakula nilichobakiza. Umeridhika?

Mwambie Yu Painah hivi. Katika wodi yetu watu wanapasuliwa tumbo na kushonwa vizuri, halafu siku ya nane au ya tisa mshono unafumuka. Katika kila wagonjwa kumi, watatu. Dk. Hendrawan, daktari wetu wa upasuaji, amechoka kushona tumbo moja mara mbili, anataka kujua sababu. Tulianza na mikono: kila mtu ananawa kwa sabuni huku anatazama saa ya ukutani. Kisha dawa: sindano inapigwa kabla ya kisu, si baada yake. Usaha umepungua, alhamdulillahi. Lakini mishono inafumuka vilevile. Ndipo daktari akasema labda mwili hauna cha kujengea nyama mpya. Tangu Januari kila mgonjwa anapata yai mchana na samaki jioni, na kazi yangu ni kupita baada ya chakula, kutazama sahani na kuandika.

Zinarudi tupu, Simbok. Tupu kabisa, hata ganda la yai limepangwa pembeni. Miezi mitano watu wanakula na matumbo bado yanafumuka. Daktari anasema ikifika mwisho wa Agosti hakuna mabadiliko, ataandika kwamba chakula hakisaidii kidonda. Mayai yataondolewa, na hospitali nyingine za mkoa zitafuata neno lake. Moyo wangu unakataa, lakini karatasi zenyewe nimeziandika mimi, nitabishana nazo vipi?

Hiyo "si kitu" yako naijua. Baba naye alisema si kitu.

Binti yako, Wening


Semarang, 11 Julai 1994

Simbok,

Salamu nyingi. U mzima? Hii ni barua ya tatu, mbili hukujibu. Kondakta anasema anakuona sokoni na kapu lako la tempe, "mzima, ila hasemi na mtu." Wewe, kutosema na mtu! Nimekukosea nini?

Jana Pak Tukiran, fundi wa baiskeli, baba wa watoto wanne, alikohoa tu na mshono ukafumuka. Sahani zake nimeziandika tupu siku nane mfululizo. Akanishika mkono akaniuliza, "Nesi, nimekosea wapi?" Zimebaki wiki saba kufika mwisho wa Agosti.

Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako


Mlimani, 20 Julai 1994

Mwanangu Wening,

Salamu. Sijambo. Hukunikosea. Barua hii nimeianza mara nne, tatu nimewashia jiko.

Umeandika kwamba sahani ni tupu. Hukuandika nani amekula.

Baba yako alipopasuliwa ule utumbo uliojisokota katika hospitali ya wilaya, wewe ulikuwa bado chuo cha unesi, aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake ni mimi. Kila mchana aliletewa yai. Umesoma, sawa, lakini umezaliwa hapa, unajua kwamba mwenye kidonda hapewi kitu cha shombo. Si yai, si samaki, si kuku. Kidonda kitawasha, kitatoa maji, hakitashika. Mama yangu aliniambia hivyo, naye aliambiwa na mama yake. Nesi aliposema, "Mama, hakikisha anakula yai," nilisema, "Ndiyo, nesi." Mtu wa sare utamwambiaje hapana usoni? Alipoondoka nikampa baba yako wali na chumvi na mchuzi wa majani. Yai nikalila mimi.

Kutupa chakula ni dhambi. Na njaa pia nilikuwa nayo, Nduk, binti yangu. Anayeuguza haletewi sahani. Nilimpa baba yako mgongo, nikatazama ukuta, nikamenya, nikala upesi. Yeye akawa ananitania kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Mama Wening, leo ukuta umetupikia nini?" Siku nane, mayai manane. Sahani niliifuta kwa kidole ili nisikaripiwe. Nesi akaja, akatazama, akaandika. Siku ya tisa mshono ukafumuka. Siku ya kumi na saba tukamrudisha nyumbani amefunikwa.

Nilidhani namlinda. Barua yako ya Mei ndiyo iliyonifumbua macho, na tangu hapo sijui niseme nini na nani.

Sasa wewe nenda kaangalie. Usiende na sare. Kaa chini nao.

Na kama utanichukia, usinichukie kwa barua. Njoo unichukie nikikuona.

Simbok wako


Semarang, 29 Julai 1994

Simbok, Simbok wangu,

Sikuchukii. Soma tena hapo kabla hujaendelea.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nilikuwa na siku ya mapumziko. Nikavaa kitambaa chako cha batiki kilichochakaa, ndala, nikajifunga mtandio kichwani, nikaketi mkekani kando ya mke wa Pak Tukiran. Yeye tu ndiye aliyejua. Chakula kilipofika, mama mmoja wa kitanda cha pili akanisukuma kwa kiwiko. "Dada, mbona unalitazama yai? Geuka, kula upesi, nesi atapita."

"Nesi yupi?"

"Yule mwembamba anayeandika sahani. Mwenye shingo ya kuku."

Nilitaka kucheka na kulia. Vitanda ishirini na viwili, Simbok. Mayai kumi na tisa yameliwa na wanaouguza, migongo imeelekea vitandani, nyuso zimeelekea ukutani. Kama ulivyoandika.

Nilimweleza Dk. Hendrawan. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaketi. Akasema, "Kwa hiyo miezi saba nimewanenepesha mashangazi wa watu." Halafu akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeambiwa na mtaalamu. Ametuongezea muda mpaka mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo anafunga na kuandika alichokiona, kiwe kiwacho.

Kuhusu Baba. Sitakudanganya kwamba yai halikuwa na kazi. Lakini alifika hospitali siku ya tatu akiwa tayari na sumu tumboni, na waliomshona wakati ule hawakunawa kama tunavyonawa sasa. Na nesi aliandika sahani bila kukutazama wewe uliye na njaa. Mimi nimefanya vilevile miezi saba, tena nimesomea. Tukigawana lawama, usichukue fungu lote.

Ila sasa tufanyeje? Tumewaambia wote kwamba yai linajenga nyama ya kidonda. Wanasema, "Ndiyo, nesi." Nikigeuka tu, nasikia ganda linapasuka upande wa ukuta.

Binti yako


Mlimani, 5 Agosti 1994

Mwanangu,

Salamu. Nimesoma hapo ulipotaka nisome. Nimesoma zaidi ya mara moja.

Sasa sikiliza. Mnakosea kusema na mgonjwa. Mgonjwa hana neno, mwenye neno ni aliyeketi mkekani. Huyo mleteeni sahani yake, na yai lake. Wapewe kwa pamoja, wale wakitazamana. Mtu aliyeshika yai lake mkononi hali la mwenzake. Na msiwape amri. "Ndiyo, nesi" utaipata hata ukiwaambia wapande juu ya paa.

Pili, wewe ni msichana, hujawahi kukatwa hata kidole. Mama mkwe wa mgonjwa, mtu mzima, akusikilize wewe? Anataka kuona tumbo. Tumbo la mtu kama yeye, lililoshonwa, lililokula mayai, likashika.

Hapo ndipo nilipokuwa nasitasita kuandika. Mwaka jana daktari wa kituo cha afya aliniambia nina uvimbe tumboni, wakati ule kama limau, siku hizi kama chungwa. Akasema ukatwe. Nikasema, "Ndiyo, daktari," nikarudi nyumbani nikakaa. Niliogopa kitanda kile. Bado naogopa, ona herufi zangu zilivyopinda. Lakini nakuja na basi la tarehe kumi na tano. Mwambie Dk. Hendrawan anikate mimi, aniweke kitanda cha katikati, watu wanione.

Mbuzi nitamwachia Yu Painah. Amekwisha kuanza kulia kana kwamba nimekufa. Nimemwambia angoje.

Unipikie yai lisilo na chumvi nyingi.

Simbok wako


Semarang, 4 Novemba 1994

Simbok wangu,

Assalamu alaikum. Mshono haukuvuti? Mzigo wa soya hubebi? Miezi mitatu niliyosema haijabadilika kwa kuwa wewe ni mbishi.

Tumehesabu. Tangu ulipolala kitanda cha saba mpaka mwisho wa Oktoba tumepasua matumbo arobaini na moja. Zamani yangefumuka kumi na mawili. Yamefumuka matatu, Simbok. Matatu! Dk. Hendrawan alihesabu karatasi mara mbili, akaniambia nihesabu mimi, kisha akamwita Bu Sartini ahesabu. Bu Sartini akampiga daktari mgongoni mbele ya wanafunzi, akaona haya, akakimbilia stoo. Pak Tukiran alikuja kuonyesha tumbo lake lililoshonwa upya; amepanda baiskeli mpaka mlangoni, nikamgombeza, akaniletea samaki.

Sahani ya anayeuguza imekubaliwa katika hospitali nne za mkoa. Na wodini bado wanakusimulia. Jana nilimsikia mama wa kitanda cha saba akimwambia mgeni, "Alikuja mwanamke hapa kutoka mlimani, siku ya pili tu ya upasuaji amekaa wima, amemenya yai, anasema: 'Nitazameni vizuri! Likiwasha nitawaambia.' Siku ya kumi akafunua tumbo, limeshika kama mshono wa jaketi la harusi."

Daktari anaandika ripoti. Anataka jina la aliyegundua. Niandike lako, Wagiyem?

Binti yako, Wening


Mlimani, 14 Novemba 1994

Mwanangu Wening,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, tumbo zima, mbuzi wamekonda kwa Yu Painah, ila huyo nimemsamehe. Soya nabeba nusu kapu tu. Haya, robo tatu.

Namba zako nimezisoma kisimani kwa sauti. Yu Painah akauliza, "Kwa hiyo wale ishirini na tisa ambao hata zamani wasingefumuka..." Nikamwambia wewe hesabu zako ziache, tazama hizi tisa: watu tisa wako nyumbani kwao leo wanalalamika chai haina sukari, na walikuwa wafumuke. Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu tuolewe.

Kisha kumbe ananyamaza kwa sababu yake. Mkwe wake amejifungua kwa kisu wiki iliyopita, na yeye Painah alikuwa anamlisha wali na chumvi. Akanivuta kando: "Yai kweli? Usinitanie." Nikamfuata nyumbani kwake, nikafunga mlango, nikapandisha blauzi. Alitazama, akagusa kwa kidole, akasema, "Limenyooka." Kisha akaenda mwenyewe bandani kutafuta mayai. Nikamwita: "Chukua mawili! Na lako!"

Kuhusu ripoti, usiandike jina langu. Andika la baba yako, Karsidi, kitanda cha kando ya dirisha. Sahani zake nane zimo kwenye karatasi ya mtu fulani mahali fulani, zimeandikwa kwamba amekula. Hakula. Liandikwe hilo, hata kama ni mstari mmoja, kisha hesabu zenu zifuate.

Leo asubuhi nimechemsha mayai mawili. Nimekaa mezani mbele ya picha yake, nikamenya polepole, nikala yote mawili. Sikumpa mgongo.

Simbok wako