Sindano ya Mjukuu, Jicho la Bibi

4 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Wewe sijui, maana barua yako ilijaa machozi ikakosa salamu. Miezi mitatu unasomea uuguzi, hujamchoma mtu sindano hata moja kwa sababu ya woga, na sasa mkufunzi amekupa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo urudi nyumbani. Urudi ufanye nini? Chukua karatasi hii, ni mstari wa Zaburi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Usome kila ukishika sindano.

Bibi yako

12 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, ila nimeaibika. Nilitoa karatasi mfukoni nikasoma kwa sauti, sindano mkono wa pili. Mgonjwa, seremala mmoja mwenye mabega kama mlango, akageuza shingo: "Siku ya hofu ya nani, sista? Anayechomwa si mimi?" Akapandisha suruali, akaondoka. Mkufunzi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanikumbusha tarehe.

Mjukuu wako

17 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yaache. Nani alikutuma umsomee mgonjwa? Mstari ni wa moyoni, wewe unautangaza kama tangazo la msiba. Ukariri, karatasi itupe. Mungu si kiziwi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini Zaburi hiyo ninayo kichwani, na siogopi kitu.

Bibi yako

23 Machi

Shikamoo Bibi,

Hali yako? Shangazi ameniandikia. Anasema umepangiwa mara tatu kutolewa mtoto wa jicho, na mara tatu umetoroka, ya mwisho kwa mlango wa jikoni, ukiwa na gauni la hospitali mwilini. Ndiyo maana mistari ya barua zako inapandana. Bibi, aliyeimba Zaburi ile hakusema hana hofu. Alisema "siku ya hofu yangu." Basi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, mimi nachoma, wewe unalala kitandani kwa daktari wa macho.

Mjukuu wako

6 Aprili

Shikamoo Bibi,

U mzima kweli? Seremala alirudi. Nikasema mstari kimoyomoyo, nikachoma. Akauliza, "Unaanza lini?" Nilikuwa nimemaliza. Nimebaki chuoni. Mbona kimya?

Mjukuu wako

18 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Huyo shangazi yako ana mdomo mpana, nitamalizana naye. Gauni lao nimewarudishia, limefuliwa na kupigwa pasi. Ijumaa ile nililia, ndiyo. Nilimng'ang'ania daktari mkono mpaka akaniomba nimwachie afanye kazi. Mstari niliuanza, ukanipotea katikati, nikabaki na "hofu yangu, hofu yangu" peke yake. Naye Mungu akaupokea hivyo hivyo.

Daktari alinikataza kusoma na kuandika mpaka jana. Leo nimezisoma upya barua zako zote. Mwandiko wako mbaya sana. Miezi yote hii nilidhani ni jicho.

Bibi yako