Dada Anaumwa, Dawa Nimeifungia Kwenye Boksi la Spana

Mpendwa mshauri, kabla hujanisaidia ujue kwanza unaongea na nani, mimi ni Sosthenes wa hapa Nyololo, shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu siyo kwa kufeli, nimeendesha malori miaka ishirini na sita, mwaka 2003 nilishuka mteremko wa Kitonga na tani thelathini za mbao breki zimekufa, nikashuka kwa gia na kwa kumwimbia Bwana, abiria wa basi lililokuwa nyuma yangu walinichangia soda kreti mbili, sasa mtu kama huyo leo anaitwa katili ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena na mtoto wa dada yake.

Dada yangu Rozalia ana kansa ya kizazi, imeshaingia kwenye mifupa, hospitali wamesema hakuna tena kupasua wala mionzi, ni kumtunza tu, nikamtoa Ilomba alikoolewa nikamleta kwangu pamoja na binti yake Ikupa, kitanda nimenunua mimi, godoro mimi, nesi wa wagonjwa wa majumbani akaja na pikipiki akatupa chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu, akasema apewe kila baada ya saa nne, aumwe asiumwe. Siku mbili za kwanza dada alilala kama gunia, nikashtuka, nikasema hii dawa ni kali na kitu kikali hakitumiki mwanzo wa mteremko, ukikanyaga breki huku juu ukifika katikati umebaki na moshi tu, basi nikaifungia chupa kwenye boksi langu la spana, ufunguo nimeuvaa shingoni, natoa pale tu anapopiga kelele kweli kweli, ili siku za mwisho zikifika dawa iwe bado ina nguvu, na ile nyingine aliyoiacha nesi ya kulainisha choo nikaimwaga, mtu anakunywa uji vijiko vitatu unamharisha nini.

Jumapili tumetoka kanisani Ikupa akanizibia mlango wa nyumba yangu mbele ya wazee wawili wa jumuiya, akasema mama ameng'ata blanketi mpaka limetoboka, choo hajapata siku ya nane, mjomba toa ufunguo. Nikamwambia huyo alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, na kwetu mjomba akisema amesema. Ndipo dada akaongea kutoka chumbani, taratibu, "Sosthenes, unaniwekea dawa ya siku ambayo sitaihitaji. Mimi naumwa leo." Tangu hapo hanisemeshi, nikiingia anageukia ukutani. Nina hasira, naomba uandike gazetini kwa herufi kubwa kwamba mwenye nyumba ana haki, Ikupa asome.

Sosthenes, Nyololo

Sosthenes,

Barua yako sikuisubirisha mpaka siku ya gazeti. Nilipiga namba uliyoiandika, ukapokea, na nyuma yako kulikuwa na mtu anaugulia maumivu. Nikauliza nani huyo, ukasema redio, ukakata. Nina hasira tangu saa ile, kwa hiyo kubembelezwa usitegemee.

Unampenda dada yako, sibishi. Asiyependa hanunui godoro. Lakini mgonjwa si lori. Morfini haichakai kwa kutumika. Maumivu yakiongezeka nesi anaongeza kipimo, na ikibidi anaongeza tena; hakuna akiba ya kuweka. Inatolewa kwa saa ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Ukisubiri kelele umeshachelewa, na kuyatuliza inakuwa kazi mara mbili. Usingizi ule wa mwanzo ni kawaida, hupungua baada ya siku chache, na pengine dada yako hakuwa amelala wiki nzima kwa maumivu. Ukiona haamshiki au anapumua kwa shida, unampigia nesi. Hujifanyi daktari.

Na morfini hufunga choo, hata cha anayekunywa uji mtupu. Ulichomwaga ndicho kilichokuwa kinamwokoa tumbo. Siku nane, Sosthenes. Wewe zingekuwa tatu, Nyololo nzima ingeshajua.

Haki ya mwenye nyumba unayo, kwenye bati na kwenye kuku. Mwili ni wa Rozalia.

Sasa sikiliza. Mpigie nesi leo, umweleze yote, dozi ulizoruka na choo kilichofunga, bila kujipamba. Usimpe kipimo kikubwa kufidia dozi ulizomnyima. Nesi ndiye atapanga upya. Chupa na saa ashike Ikupa, na iwekwe juu, watoto wasiifikie. Muombe radhi binti huyo, hakukuvunjia heshima, alikuwa anamtetea mama yake. Chakula msimlazimishe. Midomo ikikauka, mlowanishie kwa kitambaa safi chenye maji, na kazi hiyo ifanye wewe, kwa mkono wako.

Kisha vuta kiti ukae karibu yake. Habari zako ziache nje. Muulize anaumwa wapi, na akikuambia, mwamini.