Paka Wangu, Chiriku Wake

Jumatatu, 8 Septemba

Paka jikoni, mlango komeo. Ndipo nafungua kizimba. Maji mapya, ulezi kijiko kimoja, nafagia, nafunga. Nawahesabu chiriku: wawili. Ndipo namtoa paka. Kila asubuhi ni hivi.

Mwezi wa tatu huu nimeolewa hapa Msambweni. Paka ni wangu, Karafuu, nilikuja naye ndani ya kikapu kutoka Jego. Chiriku ni wa Hamisi, mume wangu. Hamisi ni fundi wa kushona. Cherehani iko barazani na kizimba kinaning'inia juu yake. Anasema ndege wasipoimba, mshono wake unakwenda upande.

Hajawahi kunipandishia sauti. Nangoja.

Jumatano, 10 Septemba

Karafuu amekaa chini ya kizimba tangu adhuhuri. Hafanyi kitu. Anatazama tu, ncha ya mkia inacheza. Hamisi amecheka. "Mwache, naye anasikiliza kaswida."

Mimi sikucheka. Mume wangu wa kwanza naye alikuwa mcheshi. Mwezi wa kwanza, wa pili. Siku nilipounguza wali ndipo nilipomjua.

Nimempa paka dagaa mara mbili leo. Ameshiba. Amerudi palepale.

Ijumaa, 12 Septemba

Limetokea.

Hamisi alikuwa msikitini. Mimi nimechelewa na chakula. Nilikitua kizimba sakafuni nikisafishe, nikasikia tui linafurika, nikakimbia jikoni. Mlango nikauacha wazi. Kizimba sikukifunga.

Mlio mmoja tu. Nilipofika, Karafuu alikuwa na chiriku jike mdomoni. Nikamrushia upawa, akamwachia. Ndege yuko hai. Hakuna damu. Manyoya matatu sakafuni. Nimeyatia motoni.

Nikamrudisha ndege ndani, nikakitundika kizimba. Hamisi aliporudi nikampakulia. Akala, akausifu mchuzi. Sikusema.

Jumamosi, 13 Septemba

Jike hali kitu. Amejikunyata kwenye kona, manyoya yamemfura. Hamisi amesimamisha cherehani mara nne kwenda kumwangalia.

"Labda ni baridi hii ya asubuhi," amesema.

"Labda," nimesema.

Huo ni uongo wangu wa kwanza katika nyumba hii. Nimelitoa begi langu chini ya kitanda. Nimelirudisha.

Alasiri. Hamisi ametoka kununua nyuzi. Nimemshika ndege nikafunua bawa. Kuna kitundu, kama cha sindano, kimeshakuwa cheusi. Nikisema, nitapigwa. Nisiposema, atakufa. Nimeyaandika yote mawili niyaone.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesema.

Ilikuwa baada ya chai. Nilisimama karibu na mlango, mahali ninapoweza kutoka. "Si baridi, Bwana Hamisi. Paka alimtia mdomoni, Ijumaa. Mimi ndiye niliyekiacha kizimba wazi. Nikakuficha."

Akanyanyuka. Akainua mkono.

Nikajikinga. Viwiko usoni, macho yamefumba, mgongo ukutani. Sikuamua. Mwili ulifanya wenyewe.

Hakikuja kitu. Nilipofumbua macho, mkono wake ulikuwa bado juu, kwenye ndoano ya kizimba. Alikuwa anakitungua.

Ameniona. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliushusha mkono polepole sana. Akaketi sakafuni, mbali na mimi.

"Mwanasha. Nani alikuwa akikupiga?"

Nikautazama mlango.

"Basi. Si lazima leo. Nipe kanga kuukuu tumfunike huyu, tumpeleke kwa daktari."

Daktari wa mifugo amezoea mbuzi na ng'ombe, lakini amempokea. Amesema mate ya paka ni sumu kwa ndege, hata kidonda kiwe kidogo vipi. Dawa ilitakiwa siku ileile. Ametupa matone hata hivyo.

Siku ileile. Nimerudi na maneno hayo njia nzima. Hamisi kabeba kizimba, hakunena neno. Hofu ikanirudia. Kunyamaza kwa mwanamume nakujua.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekufa kabla ya adhuhuri. Hamisi alikuwa anamtia tone mdomoni. Amemzika nyuma ya nyumba, kwenye mpapai. Amelia.

Nilimngoja jikoni. Akaja, akanawa.

"Ungeniambia Ijumaa, angepona?"

"Huenda."

"Hilo limeniuma. Nimekasirika, Mwanasha, sikufichi. Nitakasirika siku mbili tatu. Lakini hasira yangu haina mikono."

Nimeitikia kwa kichwa. Sijui kama naamini. Nitalala na nguo za kutokea.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku tatu. Hasemi sana. Anakula, anashona, anaaga akitoka. Kila akipita nyuma yangu nasimama wima kama mti.

Leo nimemwambia nitamrudisha Karafuu Jego. Amekataa. "Paka kafanya upaka wake. Kosa ni letu, hatukuwatenga." Ameleta wavu na mbao, ameanza kuziba baraza yeye mwenyewe. Mimi nimemshikia misumari.

Tulipokuwa tunapigilia nikamtajia jina la yule mume wa kwanza, wa Jego. Nikamwambia mambo mawili aliyonitenda. Si yote. Hamisi hakuniangalia, aliendelea kupiga nyundo, lakini alikuwa anapiga mbao tupu. Msumari ulishazama zamani.

Jumatatu, 22 Septemba

Dume ameimba. Kidogo tu, akanyamaza. Karafuu upande wa pili wa wavu amesimamisha masikio. Wavu upo, najua. Nimekwenda kuutikisa hata hivyo. Ni imara.

Ijumaa, 26 Septemba

Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Hamisi alitaka kopo la vifungo, lililoko rafuni juu ya kichwa changu. Alisimama hatua mbili nyuma.

"Mwanasha, nanyanyua mkono. Nachukua kopo."

"Chukua."

Akachukua, akarudi barazani.

Macho niliyafumba. Lakini mwiko sikuuachia, niliendelea kukoroga.